Mimba Si Ugonjwa, Lakini Kutapika Huku Ni Ugonjwa

Kuna maneno ambayo mwanamke mjamzito katika nyumba zetu huyasikia mapema mno, pengine kabla hata mumewe hajajua la kumwambia. Huambiwa: "Mimba si ugonjwa." Husema mama mkwe, husema wifi, husema jirani aliyezaa saba, na mara nyingine husema mhudumu wa zahanati akiwa ameinamia daftari lake. Maneno hayo yana nia njema. Yamewatia moyo wanawake wengi waliokuwa wakiogopa bure, nasi hatukusudii kuyafuta. Tunachokusudia juma hili ni kuonesha mahali ambapo maneno hayo hukoma kuwa kweli, kwani mwanamke anayeambiwa hivyo ilhali amekaa siku mbili bila tone la maji kutulia tumboni mwake, anaambiwa jambo linaloweza kumuua.

Kichefuchefu cha mimba changa chajulikana na kila mtu. Huwapata wajawazito 7 au 8 katika kila 10. Aghalabu huanza juma la nne hadi la sita, huzidi kufikia juma la tisa hivi, kisha hupungua kidogo kidogo hata kikatoweka. Mama hutapika asubuhi, hunusa ndimu, hutafuna kipande cha mkate mkavu, na jioni akaingia jikoni. Huyo anastahiki kuambiwa kuwa mimba si ugonjwa.

Lakini katika kila wajawazito 100 kuna mmoja, wawili au watatu ambao hali yao ni nyingine kabisa. Hutapika usiku na mchana. Hutapika chakula, kisha maji, na tumbo likiisha kuwa tupu hutapika nyongo. Mate humjaa kinywani hata akalazimika kuwa na kikopo cha kutemea kando ya mto wake. Huchukia harufu ya sabuni, ya udi, ya kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu. Uzito hushuka, macho huingia ndani, na mkojo huwa kidogo na mweusi kama chai ya mkandaa. Madaktari huuita ugonjwa huu haipaemesisi gravidaramu. Sisi tutauita kutapika kupindukia, kwa kuwa jina hilo lasema lenyewe.

Dada mmoja alituandikia baada ya kujifungua salama mtoto wake wa tatu. Alikuwa na kilo 61 alipoona mimba, na alipofika mwezi wa tatu alikuwa na kilo 52. Katika muda huo alikwenda mara mbili kituo kilicho karibu naye, na mara zote mbili alirudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu, ambavyo kila alipovimeza vilirudi. Nyumbani aliambiwa kuwa anadeka, kwa kuwa mimba mbili za kwanza hakusumbuliwa hivyo. Aliokolewa na kaka yake aliyekuja kumjulia hali, akamkuta hawezi kusimama, akamchukua kwa bajaji hadi hospitali nyingine, akatundikiwa dripu siku tatu. Barua yake haikuwa na lawama nyingi. Ilikuwa na swali moja: kwa nini katika safari zile mbili za mwanzo hakuna aliyempandisha kwenye mizani?

Swali hilo ndilo lililotufanya tuchukue kalamu. Mizani ipo karibu kila kituo. Iliyokosekana ni imani kwamba mwanamke yule anasema kweli.

Tuanze na hilo la kutoaminiwa, maana lina mizizi mirefu. Katika mitaa yetu mwanamke anapotapika kupita kiasi na kuchukia kukaribiwa, husemwa kuwa mimba imemkataa mume. Wengine huenda mbali zaidi wakasema kuwa moyo wake haukuitaka mimba hiyo, au kwamba kuna mkono wa mtu. Huenda msomaji akadhani kuwa hizi ni fikra za watu wasiosoma. La. Madaktari wa Ulaya na Marekani, katika miongo ya mwanzo ya karne iliyopita, waliandika kwa wino wa kitaalamu maneno yale yale: kwamba mwanamke anayetapika sana anaikataa mimba yake, au anamkataa mumewe, ndani ya nafsi yake bila mwenyewe kujua. Kwa kuifuata dhana hiyo, wapo waliolazwa hospitali, wakatengwa na jamaa zao, wakanyimwa hata bakuli la kutapikia ili waache "tabia" hiyo. Bibi wa mtaani na daktari wa chuo kikuu walikutana katika kosa moja, nalo ni kuutafutia moyo wa mwanamke hatia ambayo ilikuwa katika damu yake.

Na watu walikuwa wakifa. Mwandishi Mwingereza Charlotte Brontë aliolewa mwaka 1854 akiwa na umri wa miaka 38, akashika mimba, akaanza kutapika bila kukoma. Tarehe 31 Machi 1855 alifariki dunia, na mimba yake pamoja naye. Cheti cha kifo kiliandika maradhi ya kifua, lakini madaktari wengi waliozisoma habari za miezi yake ya mwisho wanaona kuwa kilichommaliza ni kutapika huko. Wakati huo hapakuwa na dripu. Siku hizi ipo, na ndiyo sababu Kate, mke wa Prince William wa Uingereza, alipolazwa London Desemba 2012 kwa ugonjwa huu huu, alitoka hospitali baada ya siku chache na akajifungua salama mwaka uliofuata. Tunamtaja kwa sababu moja tu: hakuna aliyeweza kusema kuwa yule alikuwa akikwepa kufua na kupika.

Chanzo cha ugonjwa huu sasa kinajulikana kwa sehemu kubwa, na habari yake inafaa kusimuliwa katika kila nyumba. Mtaalamu wa jeni wa Marekani, Marlena Fejzo, alipatwa na kutapika kupindukia mwaka 1999, hakuaminiwa na daktari wake, na akaipoteza mimba hiyo. Akaamua kulitafuta jambo hilo mwenyewe. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitangaza kuwa ugonjwa huu unahusiana na jeni iitwayo GDF15, na Desemba 2023, wakishirikiana na watafiti wa Cambridge, wakaeleza namna unavyotokea. Kondo la nyuma na mtoto aliye tumboni huimimina homoni hiyo kwa wingi katika damu ya mama, nayo hufika mahali katika ubongo panapoamsha kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba damu yake ilikuwa na kiasi kidogo sana cha homoni hiyo, mwili wake haukuizoea, basi hupigwa na wimbi lake kama mtu asiyejua kuogelea aliyetupwa kilindini. Aliyekuwa nayo kwa wingi tangu mwanzo hasumbuki sana. Wanawake wenye ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao thalasemia, ambao huishi na kiasi kikubwa cha homoni hiyo, wengi wao hawakipati kabisa kichefuchefu cha mimba.

Basi mimba haikumkataa mume. Wala mwanamke hakuikataa mimba. Ni kemia ya mwili, kama sukari na shinikizo la damu zilivyo kemia ya mwili, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa sukari ajikaze.

Kikwazo cha pili ni hofu ya dawa, na hofu hii ina sababu ya haki. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi iliingia sokoni Ujerumani, ikaenea katika nchi nyingi, na wajawazito wakapewa kutuliza kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyokatika au kupinda. Marekani ilisalimika kwa sehemu kubwa kwa sababu mkaguzi mmoja wa dawa, Frances Kelsey, alikataa kuipa kibali hadi aoneshwe ushahidi wa usalama wake. Tangu hapo dunia nzima ilijifunza kuogopa, na kuogopa huko kuliokoa wengi.

Lakini hofu isiyopimwa nayo hudhuru. Ilikuwapo dawa nyingine, mchanganyiko wa vitamini B6 na doksilamini, iliyotumiwa na mamilioni ya wajawazito. Watu walifungua kesi wakidai kuwa inaharibu watoto, na mwaka 1983 mtengenezaji akaiondoa katika soko la Marekani kwa kuchoshwa na gharama za mahakamani. Tafiti hazikuthibitisha madhara yaliyodaiwa. Idadi ya watoto wenye kasoro haikupungua dawa ilipotoweka; kilichoongezeka ni idadi ya wanawake waliolazwa hospitali kwa kutapika. Miaka 30 ikapita, na mwaka 2013 mchanganyiko huo huo ukapewa kibali tena. Katika miaka hiyo 30 wangapi waliteseka bila sababu? Tunaona kuwa somo hili ni zito kuliko lile la kwanza, kwa kuwa watu hawalisimulii.

Sasa tuje katika matibabu yenyewe, ili msomaji ajue la kuuliza na la kutarajia.

La kwanza ni kupima. Wataalamu wa Kanada walibuni kipimo chepesi chenye maswali matatu, na hakihitaji maabara wala umeme. Katika saa 24 zilizopita: kichefuchefu kimedumu saa ngapi? Umetapika mara ngapi? Umepata mara ngapi ile hali ya kukakamaa kutapika bila kitu kutoka? Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5. Asiye na kichefuchefu kabisa ana 1, na aliye nacho zaidi ya saa 6 ana 5. Asiyetapika ana 1, na aliyetapika mara 7 au zaidi ana 5. Na la tatu vivyo hivyo. Jumla ikiwa 6 au chini yake, hali ni nyepesi. Ikifika 7 hadi 12 ni ya kati, na ikifika 13 ni kali. Mume anaweza kuyaandika majibu haya katika daftari kila jioni, pamoja na uzito kama mizani ipatikana. Mhudumu aliyechoka anaweza kuyapuuza maneno ya mke anayelia, lakini ni vigumu kuipuuza karatasi inayosema: Jumatatu 11, Jumanne 13, Jumatano 14, kilo 58, kilo 56.

Inafaa pia kujulikana kuwa mwanamke asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kijiti cha kupimia mkojo hakikuonesha ketoni. Mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, uliotolewa 2016 na kurekebishwa 2024, unasema wazi kuwa kipimo hicho hakioneshi ukali wa ugonjwa huu. Kinachotazamwa ni hali ya mama: anakunywa? anakojoa? anasimama? amepungua kilo ngapi?

Wakati huo huo mhudumu hana budi kuhakikisha kuwa kutapika huko hakutokani na jambo jingine. Katika nchi zetu malaria hutangulia katika orodha, na damu ipimwe badala ya kukisia. Maambukizi ya njia ya mkojo hutapisha. Mimba ya mapacha huzidisha kutapika, na mimba zabibu, ambayo haina mtoto wa kuzaliwa na huhitaji kutolewa hospitalini, hufanya hivyo pia. Zote mbili huonekana kwa kipimo cha altrasaundi. Homa na maumivu makali ya tumbo si dalili za kutapika kupindukia peke yake. Penye dalili hizo patafutwe sababu nyingine.

La pili ni maji. Aliyepoteza maji hatundikiwi sifa za uvumilivu, hutundikiwa dripu. Hapa tuna neno la kusisitiza, na tunaomba msomaji alisome mara mbili. Si ajabu kuwasikia jamaa wa mgonjwa wakimwomba muuguzi "dripu ya sukari" ili ndugu yao apate nguvu. Kwa mwanamke aliyetapika majuma mawili au matatu ombi hilo lina hatari. Mwili wake umeishiwa vitamini B1, iitwayo thiamini, ambayo ndiyo huutumia kuichoma sukari. Sukari ikiingia kwa wingi kabla ya vitamini hiyo, kilichobaki kidogo humalizika ghafla, na ubongo ndio unaoumia: macho huchezacheza au huona vitu viwili viwili, miguu huyumba, akili huchanganyikiwa, na kumbukumbu inaweza kupotea isirudi. Wapo waliokufa. Njia iliyo sahihi ni maji ya chumvi, pamoja na potasiamu kwa kipimo na polepole pale damu inapoonesha kuwa imepungua, na thiamini kabla ya sukari yoyote. Vitamini hii si dawa ya gharama kubwa. Jamaa wa mgonjwa wana haki ya kuuliza kwa adabu: "Ndugu daktari, amepewa vitamini B1?"

Si lazima kila mmoja alazwe. Mwongozo tulioutaja unapendekeza kuwa wengi watibiwe kwa kutwa: mama huja asubuhi, hutundikiwa maji, hupigwa sindano ya kuzuia kutapika, na alasiri hurudi kwake, akaja tena siku nyingine ikibidi. Jambo hili linawezekana katika vituo vyetu vya afya. Halihitaji jengo jipya. Linahitaji kitanda kimoja, maji, dawa chache za bei nafuu, na muuguzi aliyeelekezwa kuwa mwanamke huyu arudipo kesho asiulizwe, "Wewe tena?" Alazwe yule ambaye dawa hazitulii tumboni, aliyepungua sana, au mwenye maradhi mengine kama kisukari na kifafa, ambaye hawezi kukosa dawa zake. Anayelala siku nyingi bila maji mwilini huweza pia kuganda damu mguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, lisingojwe.

La tatu ni dawa zenyewe. Huandikwa na daktari, nasi hatumwelekezi mtu kwenda kujinunulia dukani, lakini ni vema majina yakazoeleka. Mwanzo huwa ni vitamini B6 pamoja na doksilamini, au dawa za jamii ya kutuliza mzio kama saiklizini na promethazini, ambazo humpa mama usingizi. Metoklopramidi husaidia, ila haitumiwi zaidi ya siku 5 mfululizo, na kwa wasichana inaweza kupindisha shingo au taya. Likitokea hilo dawa huachwa na mgonjwa hupelekwa kituoni mara moja, asipelekwe kwa mganga wa pepo. Ondansetroni ina nguvu zaidi na huwekwa kwa hali ambazo dawa za kwanza zimeshindwa. Juu yake ipo tahadhari: ikitumiwa katika miezi mitatu ya mwanzo, huenda ikaongeza watoto wapatao 3 katika kila 10,000 wenye mdomo au kaakaa lililopasuka. Hatari hiyo ni ndogo sana, na mama aambiwe, kisha ipimwe mbele ya hatari ya kukaa mwezi mzima bila chakula. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo huchafua tumbo, daktari anaweza kuvisimamisha kwa muda.

Na tangawizi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma za wajawazito, limeitaja miongoni mwa vitu vinavyoweza kutuliza kichefuchefu cha mimba changa. Kwa kichefuchefu chepesi, itumike. Kwa mwanamke anayetapika mara 20 kwa siku, chai ya tangawizi huunguza koo lililokwisha kuchubuka, na anayempa humwonesha kuwa hajaelewa ukubwa wa jambo.

Nyumbani, kazi kubwa ni ya mume. Jiko lihamishiwe mbali na chumba cha mgonjwa, au chakula kipikwe kwa jirani au kwa dada kwa majuma machache. Udi na manukato viwekwe kabatini. Apewe kidogo kidogo kile anachokitamani yeye na saa anayoitamani, hata kama ni embe bichi saa nane usiku. Huu si wakati wa kumhutubia juu ya mchicha na maini. Maji baridi kijiko kimoja kimoja, barafu ya kufyonza, dafu likikubali. Ndoo imwagwe na kuoshwa na mtu mwingine. Watoto wakubwa wahudumiwe. Mume anayefanya haya hapotezi heshima yake mbele ya mama yake mzazi, na kama mama huyo anaona mkwewe anadekezwa, ni mume ndiye apasaye kumweleza kwa upole, si mgonjwa. Qur'ani Tukufu, katika Surat Luqman, imekumbusha jinsi mama anavyozidi kudhoofika kwa kubeba mimba, na ikalitaja hilo katika kuusia haki za wazazi. Mama mkwe naye alimbeba huyo mume kwa udhaifu huo huo. Tunadhani akikumbushwa atalainika.

Juu ya ibada, maswali hutufikia kila mwaka Mwezi wa Ramadhani unapokaribia. Aliyeshindwa na matapishi bila kuyavuta kwa makusudi, funga yake haibatiliki kwa kutapika. Lakini swali la mwanamke tunayemzungumzia si hilo. Swali lake ni kama afunge, na aliyedhoofika hivi ameruhusiwa kula, hakutakiwa kujiangamiza. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefungua kwa kujihofia nafsi yake atalipa siku hizo baadaye, na aliyefungua kwa kumhofia mtoto peke yake atalipa pamoja na fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Kwa madhehebu hayo hayo kutapika hakutengui udhu, ila matapishi ni najisi, yaoshwe kinywani na nguoni. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Mengine yanayomhusu amuulize sheikh wa msikiti wake, na bora aulize mume kwa niaba yake mapema, kabla mwezi haujaandama.

Limebaki jambo ambalo katika kurasa za familia huwa twalipita kimya. Katika uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wanawake zaidi ya 5,000 waliopata ugonjwa huu, zaidi ya nusu walisema waliwahi kuwaza kuitoa mimba, na karibu 5 katika kila 100 waliitoa. Robo waliwahi kupitiwa na wazo la kujiua. Wengi wao walikuwa wakizitaka mimba zao. Hapana shaka hata miongoni mwetu wapo wanaowaza hivyo, ila hawana wa kumwambia. Mke akitamka gizani kuwa anatamani kufa, asikemewe kuwa imani yake imepungua, wala jambo hilo lisipelekwe mbio kwa wazee wa pande mbili kama mashitaka. Maneno hayo ni dalili, kama mkojo mweusi ulivyo dalili, na asubuhi yake apelekwe hospitali na yasemwe mbele ya daktari. Mara nyingi mwanamke akipata maji mwilini na usiku mmoja wa usingizi, dunia hurudi kuwa pana.

Tatizo jingine ni la wakati. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya kabla ya juma la 12. Wanawake wetu wengi huanza kliniki baadaye sana, na sababu moja ni desturi ya kuificha mimba changa kwa kuogopa kijicho. Ugonjwa huu nao hufikia kilele chake katika majuma hayo hayo ya kufichwa. Matokeo yake ni kwamba mama hutapika kwa siri, hana kadi, uzito wake wa mwanzo haujulikani, na akizidiwa hufika kituoni kama mgeni. Hatusemi mimba itangazwe barazani. Mkunga si jirani, na siri ya kliniki ni siri.

Kwa hiyo asiyeweza kuzuia maji tumboni kwa saa 24, asiyekojoa kutwa nzima, anayezunguka kichwa kila akisimama, anayetapika damu, au anayeanza kuchanganyikiwa na kuona vitu viwili viwili, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Akirudishwa bila kupimwa, aende kwingine siku hiyo hiyo.

Na aliyepata ugonjwa huu katika mimba iliyopita ajue kuwa huenda ukarudi. Ajiandae kabla ya kushika mimba: ale vizuri, akiongeza uzito kama amekonda, aonane na daktari na amweleze dawa iliyomsaidia mara ya mwisho, ili aianze dalili za kwanza zinapotokea au hata kabla yake. Apange ni nani atakayekuja kulea watoto majuma yale mabaya. Ugonjwa huu pia hufuata damu. Dada zake na binti zake walioolewa waambiwe, pamoja na jina la dawa hiyo, waiandike.